Mianzi Iliyokatwa Mshazari

Mwanzi uliosimama kando ya njia ya watu hukatwa tambarare, juu kidogo ya fundo, kisiki kibaki bapa kama kifuniko cha kopo. Ukiukata mshazari umetega mkuki. Mtu akiteleza kwenye matope ya mlimani, na huko kila mtu huteleza, ataiangukia ile ncha kwa goti au kwa tumbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya kikundi chetu, na mama yangu aliitii siku moja tu katika maisha yake.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini Nyeri, miaka michache baada ya uhuru, wakati kila mtu alikuwa mwanachama wa kitu fulani. Wengine walikuwa na kwaya, wengine ushirika wa kahawa. Sisi tulikuwa na mlima. Wazungu waliokuwa wakitunza njia ya kupanda Mlima Kenya kupitia msitu wa mianzi walikuwa wamefunga virago, na njia ikamezwa na thabai, yale majani yanayochoma ngozi hata kupitia soksi. Tukakusanyika walimu, makarani, mwuguzi mmoja, Mmeru aliyekuwa mlinzi wa msitu, na kijana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la mabati na misumari, na ambaye tulimpenda hasa kwa sababu ya lori la baba yake. Jumamosi moja kila mwezi tulipanda asubuhi, tukafyeka, tukachimba mifereji ya kutoa maji njiani, na jioni tukarudi. Tulitaka iwe njia ambayo mwanafunzi wa kawaida, mwenye viatu vya shule, angeweza kuipanda mpaka juu ya mianzi, aone vilele kwa macho yake, kisha arudi kulala kwao.

Niliipenda kazi ile. Niseme hivyo mapema, kwa sababu mengi nitakayoyasema hayatapendeza. Nilipenda pale mianzi inapokwisha na upepo unakupiga usoni bila hodi. Nilipenda hata njaa yake, na chai ya chupa iliyokwisha kupoa.

Lakini tulikuwa watu wakatili, na ukatili wetu tuliuita utani. Aliyechelewa kufika kwenye lori pale Ruring'u alibebeshwa sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, mgongoni siku nzima, masizi yakimchafua shingo. Mwuguzi alikuwa mnene, basi kila tulipofika kwenye gogo la kuvukia kijito, alikuwapo mtu wa kumwambia asubiri sisi wengine tuvuke kwanza. Alicheka pamoja nasi kwa miezi mingi. Halafu akaacha kuja, na sisi tukasema hakuwa mtu wa milima.

Mkatili mkuu alikuwa mwenyekiti. Alikuwa mzee wa kanisa na mkaguzi wa shule aliyekaribia kustaafu, mrefu, mwenye kofia ya sufu na filimbi shingoni. Alipiga filimbi tuanze, akapiga tule, akapiga turudi. Kabla ya kuteremka alikagua visiki kwa mtindo wake. Aliweka kiganja wazi juu ya kila kisiki na kukibonyeza. Kikimchoma, alimwita aliyekikata, akaushika mkono wake, akaukandamiza palepale kwa uzito wake wote. Nilimwona mwalimu mzima akitokwa na machozi. Mbinu yenyewe ilifaa, siwezi kumnyima hilo: mpaka leo mkono wangu ukipewa panga na mwanzi, hukata tambarare bila kuniuliza.

Watu wa umri wake walijua mwenyekiti alikuwa nani wakati wa Hali ya Hatari, ile miaka ya vita vya msituni. Alikuwa ngati, yaani askari wa kijiji, mtu wetu aliyepewa silaha na serikali ya Mzungu atulinde sisi dhidi ya ndugu zetu waliokuwa msituni. Walijua, wakanyamaza; sisi vijana tulisikia fununu tu. Tulikuwa tumeambiwa tusahau yaliyopita, na walioambiwa kwa nguvu zaidi walikuwa wale waliokuwa na ya kukumbuka.

Mama yangu alikuwa akiuza vitunguu na kabichi sokoni. Kutembea bila mzigo na bila safari aliona ni ugonjwa wa watu wa ofisi. "Mnaenda kuangalia nini?" aliniuliza kila mwezi. "Huo mlima umewahi kuondoka?" Kisha siku moja, tukimenya viazi, nikamwambia kwamba kabla ya mwaka kwisha njia yetu itafika kwenye handaki. Akaacha kumenya. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekwisha kukaa kwenye lori, panga limefungwa guniani, gambuti za mpira za mtu mwingine miguuni.

Handaki ninaeleza kwa wale waliozaliwa baadaye. Katika ile miaka, wanawake wa vijiji vya ukingo wa msitu walilazimishwa kuchimba shimo refu lililozunguka mlima, pana na la kina, ili wapiganaji walio msituni wasishuke kutafuta chakula. Ndani yake walichomeka mianzi iliyochongwa ncha kali, safu kwa safu. Mianzi hiyo waliikata wao wenyewe. Mama alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa nyanya yangu kule Gakindu, kwenye kahawa, mbali na yote hayo, na nilichojua ni kwamba mama alikuja kunichukua bila mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya. "Alikufa kwa homa," alisema. Sikumwuliza tena, maana uso wake haukuwa wa kuulizwa.

Siku ile ya kwanza mama alifyeka kuwapita vijana wawili. Jioni mwenyekiti akapita na kiganja chake. Visiki vyote vya mama vilikuwa vya mshazari, kila kimoja, vimesimama kwenye thabai kama meno. Mwenyekiti akamwita. Akaushika mkono wake, akaubonyeza juu ya ncha, na akauegemea mpaka damu ikatoka katikati ya vidole.

"Mama, nani alikufunza kukata mianzi namna hii?"

Mama hakuuvuta mkono. "Si wewe unajua, mzee," alisema.

Vijana walidhani ni utani wa wazee. Karani mmoja wa makamo akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mwenyekiti aliuachilia mkono wa mama na kuendelea na kisiki kilichofuata.

Mwezi wa pili ilikuwa vilevile, na wa tatu. Nilimgombeza njia nzima. Nilimwonyesha: lalisha panga, tafuta fundo, kata. Alijaribu mbele yangu, akaweza mara mbili tatu, kisha akichoka kidogo mkono ulirudi kwenye njia yake na ncha zikaota nyuma yake. Nilikasirika kwa sababu walikuwa wakimcheka, na mimi sipendi mtu wangu achekwe. "Huyu mama anajenga boma ya simba," walisema. Mwishowe mwenyekiti akamnyang'anya panga na kumpa mwiko. Mama yangu, aliyeweza kufyeka kuliko sisi sote, akawa wa kukoroga uji na kuchochea kuni mbichi. Hakulalamika hata siku moja, na mimi nilidhani amevunjika moyo. Kumbe alikuwa anangoja tufike.

Tulifika siku ya ukungu. Handaki lilikuwa limejaa nusu, miti imeota ndani, na mianzi iliyochomekwa zamani imeoza yote. Upande wa msitu kulikuwa na tuta, udongo uliotupwa juu wakati wa kuchimba, sasa limefunikwa na kuvu na majani. Mwenyekiti alitembea juu yake, akarudi, akachagua mahali.

"Tutavukia hapa. Hii tuta iko juu, udongo iko karibu. Tunajaza shimo na kazi imeisha."

Mama akauacha uji. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mbele ya watu wenye majembe. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku ile alitaka kila mtu asikie, hata Mmeru, hata Mhindi.

"Sio hapa. Hii udongo iko na mtoto yangu."

Akatueleza. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa mgongoni mwake. Aliomba ruhusa ampeleke kijijini, akakataliwa. Aliomba amnyonyeshe, akaambiwa angoje filimbi. Filimbi ilipolia alimfungua mgongoni, naye alikuwa ameshapoa. Walimpa muda mfupi wa kumweka kwenye udongo waliokuwa wakiutupa juu, amefungwa kwa nguo aliyombebea, kisha akarudi kwenye mstari na kuendelea kuchimba. Alisema hayo yote kama mtu anayetaja bei ya kabichi, na hakumtaja aliyemkataza.

Mwenyekiti alikuwa akifuta miwani.

"Mama, pole. Lakini ukihesabu hivyo, hii tuta yote iko na mtoto ya mtu. Tutavukia wapi, kwa mawingu?"

Mtu mmoja akacheka. Alikuwa mwalimu kijana wa kutoka Wang'uru, hakujua lolote, alicheka kwa sababu mwenyekiti akisema jambo lenye umbo la mzaha sisi tulizoea kucheka.

"Basi nitachimba mimi," mama alisema. "Nimtoe mwenyewe."

Akaweka mwiko chini, akachukua jembe kutoka kwa kijana wa Kihindi, ambaye aliliachia kama limemchoma. Mwenyekiti akapiga filimbi ya chakula.

Sitasahau chakula kile. Watu walikaa kwenye gogo na sahani zao, na hawakujua wazielekeze wapi nyuso zao. Mwenyekiti alimenya kiazi kitamu kwa kisu chake kidogo, polepole, ganda likatoka refu bila kukatika. Mimi nilipiga magoti nikachimba kwa mikono pembeni ya mama. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa mizizi. Tulipata mizizi. Tulipata mpini wa jembe uliooza. Mama alichimba mpaka akafika kwenye udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa, akasogea kidogo kushoto, akaanza upya. Akasogea tena. Nilimwona akiinua macho kutazama jinsi lile tuta refu linavyopotea kwenye ukungu, na nikajua anafikiria kulichimba lote.

Hapo nilisimama nikamtukana mwenyekiti. Nilimwita ngati, jina la kazi yake ya zamani, mbele ya walimu aliokuwa akiwakagua. Nilimwambia kama ana moyo wa binadamu aseme kitu, au afunge huo mdomo unaotafuna.

Alimaliza kutafuna. Alikunja kisu.

"Haiko hapo," alisema, na hakuwa ananijibu mimi, alikuwa anamwambia mama. "Iko kule kwa ile podo imevunjika. Wewe ulikuwa mstari ya pili. Hapa ilikuwa mstari ya kwanza. Unachanganya."

Hakuna aliyetafuna tena. Hata yule wa Wang'uru alielewa. Mtu huyu alikuwa amekaa pale, kiazi mkononi, akimtazama mama akichimba mahali ambapo alijua hapana kitu. Alipochagua pa kuvukia alikuwa amepachagua kwa kuwa alijua pako wazi. Angeweza kusema neno moja tangu mwanzo na kumwokolea mama ile saa nzima. Lakini kulisema ilikuwa kukubali mbele ya watoto wa uhuru kwamba alikuwapo, na filimbi mdomoni. Kati ya aibu yake na mgongo wa mama yangu, aliupima uzito, akachagua.

Nilitaka mama amchape na jembe. Nasema kweli, nilitamani. Mama alitoka shimoni, akafuta jembe kwa majani, akalirudisha kwa mwenyewe. Kisha akamwendea yule mtu kwa adabu, kama anayeuliza njia.

"Nionyeshe, mzee."

Akamwonyesha. Walitangulia wawili, mimi nyuma. Chini ya mti ule wa podo uliovunjika alichora duara kwa fimbo yake, duara dogo, akatazama tena, akalifuta upande mmoja na kulichora karibu zaidi na shina. Alikuwa na hakika kiasi hicho. Kisha akarudi kwa watu, tukasikia filimbi, na majembe yakaanza kujaza handaki.

Mama hakulia. Aliomba panga langu, akakata mianzi myembamba, akaichonga ncha, akaichomeka kuzunguka lile duara, ncha juu, imesongamana, ili mguu wa mtu au wa nyati usipite. Kila mmoja aliukata mshazari. Jioni ile mwenyekiti hakukagua visiki vya mtu yeyote.

Mwezi uliofuata tulikuta mianzi ile imekatwa. Haikung'olewa. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, tambarare, juu ya fundo, kila mmoja, kazi safi kabisa. Mlinzi wa msitu aliniambia alimwona mzee akipanda peke yake katikati ya juma, kwa miguu kutoka getini, na msumeno chini ya koti. Alipomwuliza, alijibu kwamba ncha ni hatari kwa watoto wa shule.

Nilirukwa na akili. Nilisema tuende kwake, tuende kanisani kwake, tumwaibishe. Mama alipitisha kiganja juu ya visiki, kimoja baada ya kingine, kisha akachukua panga na kuvikata upya, mshazari, vikawa vifupi kidogo.

Mwezi uliofuata vilikuwa tambarare.

Ikawa hivyo. Mianzi ilipokuwa karibu kufika udongoni, mama alichomeka mipya, naye mzee akaikata hiyo mipya. Hawakuwahi kulizungumzia. Kwenye lori walisalimiana, yeye akimwita mama, mama akimwita mzee, na sufuria ikipita katikati yao. Njia ikafunguliwa. Wanafunzi wakaja kwa makundi na chupa zao za chai, wakavuka handaki mbio pale tulipojaza, na mwenyekiti akasimama na kuwaambia kwamba njia hii imetengenezwa kwa mikono ya wazazi wao, waiheshimu. Walimpigia makofi.

Watu wameniambia kwamba yule mzee alikuwa akitubu kwa namna yake, kwamba mtu hapandi mlima ule na magoti ya uzee kwa sababu ya watoto wa shule tu. Labda. Kama alikuwa akitubu, alikuwa na mdomo, na tulijua anavyoweza kuutumia. Mimi sitamsaidia kutafuta maneno. Ninachojua ni kwamba kaburi la mdogo wangu lilikuwa na wageni wawili duniani, mama na yeye, na kila mmoja alipofika aliona kazi ya mwenzake.

Halafu ikafika Jumamosi moja ambayo mwenyekiti hakuwa kwenye lori. Tukadhani yuko harusini. Tulipofika kwenye podo, mianzi ilikuwa bado na ncha. Ilikuwa imepauka kwa mvua, yenye ncha vilevile mama alivyoiacha mwezi uliopita. Mlinzi ndiye aliyetupa habari: mzee alikuwa ameanguka nyumbani kwake, upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi hauinuki. Alikuwa akitoa sauti tu, na watu wa nyumbani hawakujua anataka nini.

Nilicheka. Sioni haya kusema. Nilicheka mpaka mlinzi akageuka pembeni.

Mama alikuwa ameketi kwenye tope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, mdomo wazi, kama mtu aliyenyang'anywa.

"Sasa ni mimi tu," alisema kwa lugha yetu. "Nilishapakosea mara moja. Nikipakosea tena, nitamwuliza nani?"

Kisha akajipangusa uso kwa leso, akasimama, akachukua panga, na akaikata mianzi yote tambarare. Alilalisha panga, akatafuta fundo, akakata, kama mwenyekiti alivyokuwa akitaka, na hakukosea hata mmoja. Alipomaliza, akanipa panga.

"Haya. Wewe sasa. Tuwe wawili tena."

Nilikata wa kwanza. Ulitoka bapa. Mama akaweka kiganja juu yake, akaubonyeza, akatikisa kichwa na kunipiga begani kwa nguvu. Nilikata tena, na mkono ukanisaliti tena.

"Inamisha panga," alisema. "Usikate kama mtu wa ofisi. Kata kama unataka kumwumiza mtu."

Nikamfikiria yule mtu kitandani kwake na ulimi wake, nikakata. Mama akaweka kiganja chake juu ya ncha, palepale penye kovu la zamani, akaegemea kwa uzito wake wote mpaka damu ikatoka.

"Huo sawa," alisema. "Fanya wa pili."